Shanga za Marjani

Binti yangu wa pili alikuwa na siku kumi na tisa nilipoambiwa kwamba shanga alizofungwa kiunoni si plastiki. Nilikuwa mjini, dukani kwa Shahida, ambaye amenipimia vitambaa tangu nikiwa mwanafunzi wa diploma ya ufugaji nyuki. Nilifuata flana ya kumfunikia mtoto, mtoto akajichafua. Shahida alisogeza majora, akanipa nafasi kwenye meza yake ya kukatia, nikamfungua. Ndipo alipoziona.

Aliuliza nimezitoa wapi. Nikamwambia ni mila ya ukoo wa mume wangu, watu wa Itetemia. Kila mtoto wao akizaliwa anafungwa kamba ile ya shanga nyekundu mpaka siku ya arobaini. Asubuhi ya siku hiyo shangazi mkubwa anakaa mlangoni na mtoto mapajani, anataja wafu wa ukoo kuanzia Mahona aliyejenga mji wao, anamnyunyizia mtoto maji ya unga na kumpa jina. Kisha anafungua shanga na kuzirudisha kwenye kopo la majani ya chai. Binti yangu wa kwanza, Julieth, alizivaa. Baba yake alizivaa. Mimi nilidhani ni vishanga vya gulioni.

Shahida alishika moja, akainama na kuigusisha kwenye meno yake.

"Mama Julieth, unajua unachotembea nacho? Hii marijani, ya baharini, ya kweli. Bibi yangu alikuwa na pete yenye punje moja tu, wanawe wakanuniana miaka minane. Wewe umemfunga nazo mtoto anayekunya."

Tulicheka. Akanieleza kwamba marijani imetajwa ndani ya Kurani pamoja na lulu, mahali ambapo Mungu anahesabu neema zake, na kwamba Waarabu huwapa mabinti jina hilo, Marjani, kwa sababu ni kitu chekundu na kigumu kinachokua chini ya maji bila mtu kukipanda. Yeye ana binamu Mwanza anayeitwa hivyo. Nililitamka mara mbili tatu njiani nikirudi nyumbani. Lilikaa vizuri mdomoni.

Nina sababu ya kulitaka jina nililolichagua mwenyewe. Julieth alipozaliwa nilikuwa na miaka ishirini na minne, mgeni katika ukoo, nikanyamaza. Mimba nilibeba mimi, nikapasuliwa mimi pale hospitali ya Kitete, lakini jina la mwanangu nililisikia mlangoni pamoja na majirani. Shangazi alimpa jina la dada yake marehemu bila hata kunitazama. Nikajiapiza kwamba mtoto wa pili nitamwita mimi. Na asije mtu akaniambia jina la Kiarabu ni geni. Mimi ni Recheli, mtoto wa Wamoraviani. Mume wangu ni Adriano. Shangazi mwenyewe ni Apolinaria. Hakuna hata mmoja wetu aliyeitwa kwa Kinyamwezi.

Adriano yuko reli, kituo cha Kaliua, anakuja nyumbani wikiendi moja kwa mbili. Nilimpigia jioni ile. Akalisikiliza jina, akasema ni zuri, linatamkika. Nikashukuru, nikajua limekwisha.

Shangazi Apolinaria alikuja Jumanne. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, hakujaliwa mtoto, na watoto wote wa ukoo anawahesabu kuwa wake. Alileta kofia ya sufu aliyoifuma mwenyewe, nyeupe, yenye herufi A mbele. Hapo nikaelewa kwamba safari hii alikusudia kutoa jina lake mwenyewe. Nilimwamkia, nikamwekea chai, nikamshukuru kwa kofia. Kisha nikamwambia waziwazi, maana sijui njia nyingine ya kusema, kwamba mtoto huyu mimi na baba yake tumemwita Marjani.

Aliweka kikombe chini taratibu sana.

"Jina hilo lisitajwe tena chini ya bati hili," alisema.

Nilidhani ni mambo ya dini. Nikaanza kumweleza kwamba padre hatakataa, tutatanguliza jina la mtakatifu. Akasema si habari ya dini. Nikamuuliza ni habari ya nini. Akachukua mkoba wake, akatoka, chai inafuka moshi. Mama mkwe wangu, Mektilda, ambaye naishi naye, alikuwa amekaa pale pale kwenye mkeka. Aliinua kile kikombe akakinywa yeye.

Hazikupita saa mbili Adriano akapiga simu. Nilikuwa nachuja asali ya wateja, mikono imenata mpaka viwiko, Julieth ndiye aliyenishikia simu sikioni.

"Muachie shangazi," alisema. "Kuna mambo usiyachimbe."

Mambo gani? Hajui. Tangu utoto aliambiwa kuna jina la mtu mmoja ambalo kwao halitajwi, na ndilo hilo, basi. Mwanamume wa miaka thelathini na saba, anayeaminiwa kupanga treni zisigongane, ananiambia hajui anachokiogopa lakini anaomba na mimi nikiogope. Nilimwambia Julieth akate simu. Ndoo ile ya asali niliichuja mara ya pili bila sababu yoyote, kwa hasira tu.

Kesho yake nilirudi kwa Shahida. Nilimuuliza kama jina lile lina ubaya aliouficha. Alikuwa anamkatia mteja pazia, akanisubirisha mpaka mteja alipotoka.

Akasema jina halina ubaya, kuna watu waliofanyiwa ubaya. Zamani misafara ilipokuwa ikipita hapa, ikitoka Ujiji kwenda pwani, aliyenunua mtu mara nyingi alimpa jina jipya. Hakumpa jina la mama yake wala la binti wa mtume. Alimpa jina la kito au la manukato: Almasi, Feruzi, Ambari, Yakuti, Marjani. Majina ya vitu vya kuweka sandukuni. Baadaye watu wakasahau, majina yakabaki mazuri, leo mtu anampa mwanawe kwa furaha. Lakini katika mji kama Tabora wapo wazee wasiosahau.

Nilimkasirikia na yeye. Nikamwambia angenieleza siku ile ile.

"Uliuliza shanga, mwanangu," alisema. "Hukuuliza watu. Na mimi duka langu lina miaka tisini kwenye mtaa huu. Unadhani sisi huwa tunaulizana nani alimuuza nani?"

Nilibaki na mtu mmoja wa kumuuliza. Jioni nilimkuta mama mkwe nyuma ya nyumba anamenya karanga za kulia michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Nilikaa, nikamenya naye. Mama Mektilda si mtu wa maneno. Aliolewa hapa akiwa msichana, ameshamzika mumewe, mzee Wilbroad, kaka yake Shangazi, na katika miaka yote hiyo sijamsikia akibishana na wifi yake hata juu ya chumvi. Nikamuuliza Marjani ni nani. Nikamwambia asiponijibu sitamlaumu, lakini nitakwenda kuuliza Itetemia nzima, nyumba kwa nyumba, na mtoto mgongoni.

Alimenya nyingine nne au tano ndipo akaanza.

Aliambiwa na baba mkwe wake, mzee Masanja, alipomuuguza. Mahona, yule anayetajwa wa kwanza mlangoni, alikuwa mnyapara wa wapagazi. Alikwenda pwani na pembe na kurudi, mara nyingi. Safari moja ya Ujiji tajiri wake alishindwa kumpa ujira wa nguo na nyaya za shaba aliomwahidi, akampa mtu. Mwanamke kijana kutoka Manyema. Tajiri alikuwa amekwisha kumwita Marjani kwa sababu ya shanga alizomvika ili apendeze machoni pa wanunuzi. Mama yake alimwitaje, hakuna ajuaye. Mahona akaja naye Itetemia. Nyamizi, mke wake mkubwa, alikuwa akizaa na watoto wanakufa. Marjani akazaa. Mtoto wake wa kwanza alimfunga kamba ya shanga zake kiunoni, na mtoto akaishi. Wa pili vilevile.

Watoto hao wawili walipewa Nyamizi, wafundishwe kumwita mama. Marjani akabaki jikoni. Alipokufa walimzika ng'ambo ya mfereji, si pamoja na watu wa mji. Shanga wakazihifadhi, maana zilikuwa zimethibitika.

"Kwa hiyo wote," nilisema, "Shangazi, baba yake Adriano, Adriano, Julieth..."

"Wote," alisema Mama. "Hakuna aliyetoka kwa Nyamizi."

Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kusema. Akanijibu kwamba yeye ni mtu wa kuja, na mtu wa kuja hasahihishi hesabu ya wafu wasio wake. Akakung'uta maganda kwenye khanga, akaingia ndani. Mimi nilibaki nje. Nimesoma habari za watumwa shuleni kama kila mtu, nikajibu mtihani, nikapata alama. Hapakuwa na hasira. Hasira ilikuja pale, na ilikuja juu ya kitu kidogo: kwamba niliziosha shanga zile kwa sabuni kila asubuhi, kwa uangalifu kama nilivyoagizwa na Shangazi, nisije nikapoteza hata punje moja.

Siku ya arobaini watu walikuja mapema. Adriano alifika na treni ya usiku, macho mekundu, akawa anazunguka kupanga viti ili asiwe karibu nami. Shangazi alikaa kwenye kigoda mlangoni, nikamkabidhi mtoto. Akamvalisha ile kofia. Mama wa mtoto hapaswi kusema neno siku hiyo mpaka jina litoke. Hilo nalijua, nililishika safari ya kwanza.

Shangazi akaanza kwa sauti yake ya darasani. Akamtaja Mahona aliyejenga mji. Akasema, na mkewe Nyamizi, waliomzaa babu yetu.

"Shangazi," nilisema, "Nyamizi hakuzaa."

Kikombe cha maji ya unga kilisimama hewani. Adriano alitaja jina langu kwa sauti ya chini. Sikugeuka.

"Hakuzaa mtoto aliyeishi. Aliyezaa ni Marjani. Shanga zake mnazivaa kiunoni vizazi na vizazi, jina lake mnalitema. Mtaje pale panapomstahili, halafu umpe mwanangu jina lake."

Shangazi hakunigombeza mbele ya watu, na hilo nampa sifa. Alimrekebisha mtoto mapajani, akasema kwa utulivu kwamba yeye akiwa darasa la tatu aliitwa mjukuu wa mtumwa, mbele ya watoto wote, na mtoto ambaye bibi yake alikuwa jirani. Alikwenda nyumbani akamuuliza baba yake kama ni kweli. Baba yake akampiga. Kipigo kile ndicho kilikuwa jibu. Amefundisha miaka thelathini na nne, akasema, na hakuna siku aliyoingia darasani bila kusikiliza kama kuna anayenong'ona.

"Sasa wewe mwenye diploma unataka tumwandike mtoto hilo jina usoni. Wa kutukanwa ni yeye, si wewe. Wewe umekuja na kwenu."

Nakiri kwamba niliingiwa na huruma. Nilimwona yule mtoto wa darasa la tatu. Lakini huruma haikuzima kitu, kwa sababu jambo lilikuwa limegeuzwa miguu juu. Nikamwambia aliyepaswa kuona haya ni yule aliyelipwa mtu akampokea, akamtumia, akamnyang'anya watoto. Huyo ndiye tunayemtaja wa kwanza, kwa heshima, na maji ya unga. Mwanamke ambaye hakumkosea yeyote ndiye tumemtupa ng'ambo ya mfereji mpaka leo.

Wanaume walitazama viatu vyao. Shangazi akamwaga maji ya unga pembeni ya mlango, akainuka, akamrudisha mtoto mikononi mwangu. Hakumpa jina. Na kwa kuwa hakumpa jina, hakuweza kufungua shanga, maana hizo hazifunguliwi mtoto hana jina. Watu wakala wali wakaondoka haraka kama waliokuja kwenye matanga ya mtu wasiyemfahamu.

Nyumbani tukakaa wiki tatu na mtoto anayeitwa "mtoto". Adriano alipiga simu kila siku kuomba tuliangalie suala kwa upana. Nilimwambia huo upana akapimie reli. Mwalimu Eustace, katekista wetu, alikuja kuandikisha watoto wa ubatizo, akaacha nafasi ya jina wazi kwenye karatasi. Akasema tuje Jumapili na jina moja au tusubiri Krismasi. Jumamosi usiku Adriano alikaa ukingoni mwa kitanda, akamwangalia mtoto muda mrefu, akasema sawa. Kesho padre akiuliza, atajibu yeye kama baba: Maria Marjani. Aliniahidi hivyo akiwa amemshika mtoto kisigino.

Kanisani Shangazi alikuwa amekaa benchi la mbele, gauni la bluu, rozari mkononi. Tulikuwa jozi sita za wazazi. Padre alipita kwa kila mmoja akiuliza mmempa mtoto wenu jina gani. Alipofika kwetu, Adriano alifungua mdomo.

"Maria," alisema.

Akatazama benchi la mbele.

Padre alisubiri. Mimi niliamua sitamsaidia. Ningeweza kulisema mwenyewe, ulimi ulikuwa tayari, lakini mtoto ni wa ukoo wake na aliyetupwa ni bibi yake, si wangu. Nikamtazama tu. Sijawahi kumchukia mtu ninayempenda kama nilivyomchukia mume wangu kwa muda ule, na jasho lake, na kola yake niliyoipiga pasi mimi asubuhi.

Sauti ilitoka nyuma yetu, kwenye benchi la tatu. Haikuwa kubwa.

"Marjani," alisema Mama Mektilda. Kisha akarudia, kama mtu anayemtuma mtoto dukani na anataka asisahau. "Sema, baba. Marjani."

Padre alimwangalia yule mama mwenye khanga, akamwangalia Adriano. Adriano akalisema. Alilisema kwa sauti ndogo, lakini Mwalimu Eustace alilisikia, nikaona kalamu yake ikitembea. Padre akarudia kwa sauti ya kanisa zima, Maria Marjani, na maji yakamwagwa, na binti yangu akalia kama kawaida ya watoto.

Nje Shangazi alinisubiri karibu na ngazi. Nilidhani atanitukana, ningefurahi. Alinyoosha mkono tu, kiganja juu.

"Mtoto ameshapata jina," alisema. "Nipe shanga za ukoo."

Ilikuwa haki yake kuziomba. Nilimfungua mtoto nguo pale pale, nikashika fundo. Adriano alikuwa amesimama nyuma yangu, Mama pembeni na Julieth.

"Za nani?" nikamuuliza.

"Za ukoo."

"Ukoo hauna kiuno, Shangazi. Taja mwenye shanga, nazifungua sasa hivi, nakukabidhi, na kopo nitakusafishia."

Alinitazama. Midomo yake ilisogea mara moja, nami nikashika fundo vizuri zaidi, maana nilikuwa tayari kweli. Kisha akafunga mkono. Akasimamisha bajaji, akaondoka bila kuagana na yeyote, hata Julieth.

Sasa Marjani ana miezi mitano. Shangazi hajakanyaga kwetu tangu siku ile, na ndugu wengine hutuma salamu kwa Adriano peke yake. Anazileta, nazipokea. Hasira haijaisha na siidai iishe. Mtoto amenenepa. Juzi kamba ilikuwa inaanza kumwachia alama, nikakata uzi wa zamani, nikahesabu shanga kwenye sinia mbele ya Mama, tukazitunga upya kwenye uzi mrefu kidogo wa kuvulia samaki, ambao haukatiki. Kopo tupu la majani ya chai liko juu ya kabati, nimeshalisugua. Siku Shangazi atakapokuja na kulisema jina, hata kwa kunong'ona, hata mlangoni bila kuketi, nitazivua shanga nimpe.